Boa mchanga hapa Tanga: joto lipi, panya yupi?

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Makorora alinifuata nyumbani na picha kwenye simu yake.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Nataka kumfuga huyu." Kwenye picha alikuwepo boa mchanga, nyoka mwembamba kama kamba ya katani, kajizungusha kwenye vidole vya mtu, mkia una mabaka mekundu. "Kibali nimeshaomba. Sasa nataka kujua mambo mawili tu: ninunue balbu gani, na anakula nini."

Nikamwambia akae kwanza, nikamtilia chai. Hayo mambo mawili ni jambo moja, na mimi mwenyewe nililijua kwa kuchelewa. Nalea nyoka wa bustani ndogo ya maonyesho, na boa wetu wa kwanza aliletwa akiwa na urefu wa nusu mita hivi, amezaliwa kwa wafugaji, makaratasi kamili. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, zile siku ambazo sisi watu wa pwani tunatafuta shuka la pili. Nikamlisha jioni, akameza vizuri, nikalala na furaha zangu. Usiku umeme ukakatika, ukarudi kesho yake jua limeshapanda. Sikushtuka hata kidogo. Tanga hii, nikajiambia, nani anahitaji hita? Kipimajoto cha chumbani alfajiri kilisoma nyuzi 21. Siku ya tatu nikamkuta panya kwenye kona ya boksi, mzima vilevile alivyoingia, ila amelainika na ananuka harufu ambayo siwezi kuieleza kwa mtu anayesoma huku anakula.

Nyoka hana moto wake mwenyewe tumboni. Vimeng'enyo vyake vinafanya kazi kwa joto analoazima nje, na joto likipungua, panya anabaki kuozea mle ndani badala ya kumeng'enywa. Mwili hauna njia nyingine ila kumtoa. Boa mchanga ni mwepesi wa kutapika kuliko chatu wa umri wake, na akitapika hapotezi mlo tu: anapoteza maji, koo linachubuliwa na asidi, na tumbo linahitaji muda kurudi sawa. Akitapika mara mbili au tatu mfululizo unaweza kumzika. Kwa hiyo ulinganisho wangu wote hapa chini una kipimo kimoja: ni mpangilio gani unaohakikisha kwamba panya akiingia, joto la kummeng'enya lipo siku mbili tatu zinazofuata?

Kwanza, ni boa kweli?

Nalipitia hili haraka kwa sababu kila mwaka kuna mtu analeta chatu mchanga aliyeokotwa kwenye mkonge, anamwita boa. Boa wa kufugwa asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, hazagai Muheza. Anazaa watoto wazima. Chatu wetu anataga mayai. Chatu mtu mzima ni mnyama mkubwa kuliko unavyofikiri, na kumchukua porini ni kosa. Ukimwokota, piga simu ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Boa naye hafugwi kienyeji: yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hapa nchini unahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Halafu kuna suala la umri. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini boa akija haondoki: anaishi miaka 20 hadi 30, na jike anaweza kupita mita mbili. Kama mwakani unahamia Dodoma, fikiri tena.

Joto: tunashindanisha nini na nini

Kinachotafutwa ni boksi lenye pande mbili. Upande mmoja sakafu isome nyuzi 31 hadi 32, upande wa pili 25 hadi 27, na kila upande uwe na maficho yake ili nyoka asichague kati ya joto na usalama. Usiku isishuke chini ya 23 hivi. Juu ya 35 ni hatari popote ndani ya boksi. Nyoka mwenyewe ndiye anayejipimia kwa kuhama, kazi yako ni kumpa pa kuhamia.

Mshindani wa kwanza ni hali ya hewa yetu wenyewe, bila kifaa chochote. Kaskazi ikiwa imetulia, Desemba mpaka Machi, chumba cha Ngamiani kinafika nyuzi 31, 32, na wapo wanaosema basi inatosha. Haitoshi, kwa sababu mbili. Chumba chenye nyuzi 32 kila kona hakina upande wa baridi, na nyoka asiyeweza kupoa ana shida sawasawa na asiyeweza kupata joto. Na ile Julai yangu inakungoja. Hewa ya Tanga imekufanyia nusu ya kazi; imekupunguzia ukubwa wa kifaa unachohitaji, haijakuondolea haja ya kifaa.

Wa pili ni balbu ya kawaida ya kizamani, ile yenye waya unaong'aa ndani. Watu wanaipenda kwa sababu wanaijua: ndiyo iliyokuza vifaranga wa mama zao. Kwa boa mchanga naiweka mwisho kabisa. Inawaka usiku wakati nyoka anataka giza. Inakausha hewa juu ya boksi. Ikiwekwa ndani bila wavu, nyoka ataizunguka na kuungua, kwa sababu nyoka hashtuki haraka na joto linalogusa ngozi yake kama mimi na wewe tunavyoshtuka. Na siku hizi hata kuipata ni kazi; ukiingia dukani ukasema balbu, unapewa ya LED, ambayo inatoa mwanga na karibu haitoi joto. Nimewahi kumkuta mtu amemwekea nyoka LED ya wati 9 wiki tatu, anashangaa kwa nini hali.

Wa tatu ni balbu ya kauri. Hii haina mwanga wowote, inatoa joto tu, na inapasha hewa, si sakafu peke yake. Ni kifaa kizuri, lakini kina masharti. Inataka holda ya kauri pia, maana ya plastiki itayeyuka. Inataka wavu wa chuma pande zote. Inataka nafasi: juu ya boksi dogo la plastiki la boa wa nusu mita ni balaa, italainisha mfuniko. Na kwa kuwa haiwaki, huwezi kujua kwa macho kama imepata moto. Jirani yangu alijua kwa kiganja.

Wa nne ni zulia la joto, ule mkeka mwembamba wa umeme unaolazwa chini ya boksi, kwa nje. Linapasha sakafu, halipashi hewa. Kwa mtu wa Ulaya hiyo ni kasoro, kwa sababu hewa ya chumba chake ina nyuzi 18. Kwetu ndiyo faida: hewa tunayo tayari, tunakosa sehemu moja tu ya moto chini ya tumbo lenye panya. Lifunike theluthi moja ya sakafu, lisizidi hapo. Boksi liinuliwe kidogo kwa vigingi vidogo pembeni ili joto lisibanwe chini, na matandiko ya ndani yawe membamba, gazeti au karatasi za jikoni. Ukijaza maranda ya mbao kwa unene wa kiganja, joto linazuiwa, wewe unaongeza moto, nyoka anafukua mpaka chini kabisa na kulalia penye 40.

Ndugu yangu anayeishi Lushoto aliniuliza kama naye achukue zulia. Nikamwambia hapana. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Julai watu wanavaa makoti, na zulia litampa nyoka tumbo la moto na mapafu ya baridi. Kule balbu ya kauri ndani ya kabati la mbao ndiyo inayoshinda. Mkoa mmoja, majibu mawili.

Umeme wenyewe, kila kifaa kikiwaka saa 24 bila kuzimwa:

| Kifaa | Wati | Uniti kwa siku | Uniti kwa siku 30 |
|---|---|---|---|
| Zulia dogo | 15 | 0.36 | 10.8 |
| Balbu ya kawaida | 60 | 1.44 | 43.2 |
| Balbu ya kauri | 100 | 2.4 | 72 |

Kidhibiti joto kikiwepo hakuna kitakachowaka saa zote 24, kwa hiyo halisi ni pungufu. Lakini uwiano unauona.

Kuna mtego mmoja wa manunuzi. Mazulia mengi yanayouzwa mtandaoni yametengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 110 mpaka 120. Wetu ni 230. Zulia la volti 120 ukilichomeka ukutani kwetu halitapata moto maradufu, litapata karibu mara tatu na robo tatu ya nguvu yake, maana nguvu inapanda kwa mraba wa volti. Adapta ya plagi haibadilishi volti. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa, si baada.

Kidhibiti ndicho kinachoamua

Ningeambiwa nichague kati ya kifaa kizuri bila themostati, yaani kidhibiti joto, na kifaa cha hovyo chenye themostati, ningechukua cha hovyo. Zulia likiachwa peke yake linaweza kupita nyuzi 40, na majeraha ya kuungua tumboni huyaoni mpaka nyoka ageuke: magamba ya chini yanakuwa mekundu, halafu ya kahawia, halafu yanabanduka. Matibabu yake ni ya miezi.

Kwa zulia, themostati ya kuwasha na kuzima inatosha. Ile ile wanayotumia watengenezaji wa mashine za kutotoleshea mayai inafaa, na mafundi wa mashine hizo mjini wapo. Mwambie fundi aifungie kwenye kasha, nyaya zisiwe wazi, maana utakuwa na maji karibu. Kwa balbu ya kauri themostati hiyo inafanya kazi pia, ila inayorusha umeme kwa vipande vifupi vifupi inatunza balbu na kushikilia joto vizuri zaidi.

Kihisi cha themostati wapi? Watu wengi wanakitupa ndani ya boksi. Nyoka anakisukuma, kinaishia upande wa baridi, themostati inadhani kuna baridi, inawasha bila kukoma. Au anakikojolea. Mimi nakibandika nje, kati ya zulia na sakafu ya boksi, halafu napandisha kipimo polepole mpaka kipimajoto cha ndani, juu ya sakafu, kisome 32. Kwa kawaida themostati itaonyesha namba kubwa kidogo kuliko ya ndani, usiogope, unachofuata ni ya ndani. Na kipimajoto kiwe cha dijitali chenye waya. Vile vya kubandika vya rangi rangi vinasoma ukuta. Zile bunduki za kupima paji la uso zilizobaki tangu Korona nazo zina kasoro: nyingi, zikiwa kwenye hali ya kupima mwili, hazisomi chini ya nyuzi 32, kwa hiyo upande wa baridi hutaupata kabisa. Tafuta inayopima vitu.

Chakula: panya ni panya?

Hapa ndipo maneno mengi yalipo mtaani, na mengi si kweli. Nianze na yale ninayoyakataa.

Panya wa mtaani, hata akikamatwa mzima kwa mtego, simlishi nyoka. Nyumba ya pili wametega sumu, na sumu nyingi za panya haziui papo hapo; panya anatembea nazo siku kadhaa damu yake ikizidi kukosa uwezo wa kuganda. Anayemla anazila. Achilia mbali minyoo, viroboto na magonjwa. Wilaya ya Lushoto ilisumbuliwa na tauni kuanzia mwaka 1980, na tauni ni ugonjwa wa viroboto vya panya. Sitaki kumshika panya wa jalalani kwa sababu yoyote ile. Mijusi ya ukutani nayo ni vivyo hivyo, imejaa minyoo. Vipande vya nyama ya ng'ombe au kuku havina mifupa wala viungo vya ndani, kwa hiyo havina chokaa ya kutosha. Nyoka atakua vibaya. Kifaranga cha siku moja ni rahisi kupata hapa mjini na si kibaya kwa boa aliyekua, mara mojamoja, lakini kina gramu 35 hadi 40, ukubwa usiomfaa boa wa miezi ya mwanzo, na kinyesi kinachofuata kitakufanya ujute.

Panabaki panya weupe, wale wa maabara, waliozaliwa na kulishwa chini ya jicho la mtu. Kwao kuna njia tatu.

Kumlisha *panya hai*. Watu wanapenda kutazama, tuseme ukweli. Wageni wa bustani wanaomba hilo kuliko kitu chochote. Panya mchanga asiyefungua macho hana madhara kwa nyoka. Lakini akishaota meno, panya aliyekamatwa vibaya anauma, na nimeona nyoka aliyetobolewa karibu na jicho. Zaidi ya hapo, nyoka asipokula usiku ule, panya anabaki boksini na njaa yake, na asubuhi anayetafunwa ni nyoka. Panya naye anateseka bure. Sifanyi.

*Panya aliyeuawa muda huo huo*. Ana joto, ana harufu, karibu kila boa anamkubali mara ya kwanza. Hii ndiyo njia ya asiye na friza, au mwenye friza lakini umeme wake ni wa kubahatisha, na kwa Tanga hilo si jambo dogo. Gharama yake ni kwamba lazima ufuge panya na lazima ujue kuua bila mateso. Mwombe daktari wa mifugo akuonyeshe kwa mikono, usijifunze kwa video. Kumtia panya mzima kwenye friza ili afe taratibu ni ukatili, sina jina jingine.

*Panya wa friza*. Hii ndiyo ninayotumia, na sababu yangu ni hesabu. Jike wa panya mweupe anabeba mimba siku 20 hivi. Akizaa wanane, na boa mchanga anakula mara mbili au tatu kwa mwezi, uzao mmoja ni mlo wa karibu miezi mitatu. Huwezi kumwambia panya asimame kukua ili akusubiri. Ndani ya siku 14 macho yamefunguka, kwa siku 21 anaacha kunyonya, na mara amekuwa mkubwa kuliko mdomo wa nyoka wako. Friza ndiyo inayomsimamisha kwenye ukubwa unaoutaka. Unawagandisha kwa ukubwa tofauti, unaandika tarehe kwenye mfuko, unawatumia ndani ya miezi sita.

Ila friza iwe yake, au kasha lenye kufuli ndani yake. Nyumba nyingi za Tanga friza ndiyo duka: barafu za ubuyu, barafu za ukwaju, watoto wanaingiza mikono. Mama mkwe wangu alifungua mfuko usiokuwa wake siku moja ya Ramadhani, anatafuta samaki wa futari. Hatujalizungumza tena.

Kuyeyusha ndipo watu wanapoharibu. Mtoe friza usiku, umweke kwenye friji ya kawaida ndani ya mfuko mpaka kesho. Jioni mweke, bado ndani ya mfuko, kwenye maji ya moto ya kustahimilika mkononi, dakika 15 au 20. Bonyeza tumbo kwa vidole: ukisikia kitu kigumu katikati, bado, na ukimpa hivyo umemlisha barafu. Maikrowevu hapana, inampika nusu na kumpasua. Akishayeyuka harudi friza. Na asikae mezani kwa muda wa saa nne kwa joto letu; atavimba gesi, na panya aliyeanza kuoza ni sababu nyingine ya kutapika. Mwishoni mfute, kisha mpashe kichwa tena kidogo kwa maji ya moto zaidi. Boa ana vihisi vya joto ndani ya magamba ya midomo, ingawa hana vile vishimo unavyoviona kwenye mdomo wa chatu, na panya mwenye kichwa cha moto kwake ni panya aliye hai. Mpe kwa koleo refu, si kwa vidole. Vidole navyo vina moto.

Nikilinganisha hizi mbili za mwisho kwa haki: mwenye umeme wa kuaminika na nyoka mmoja, friza inashinda kwa mbali. Anayekatikiwa mara kwa mara, panya wakiganda na kuyeyuka na kuganda tena, afuge panya jike mmoja na dume na alishe wabichi. Usichanganye kwa uvivu ukajikuta unatumia mfuko ulioyeyuka jana usiku kwa sababu "bado una ubaridi".

Kikubwa mara chache, au kidogo mara nyingi?

Wapo wanaomshindilia boa ili akue haraka. Boa si kuku wa nyama. Nunua mizani ya jikoni. Boa mchanga wa gramu 60 apate panya wa gramu 5 au 6, yaani karibu asilimia 10 ya uzito wake au chini kidogo. Huyo ni panya aliyekwisha kuota manyoya lakini hajaanza kurukaruka. Kwa macho, panya asiwe mnene kuliko sehemu nene ya nyoka. Nafasi kati ya mlo na mlo ni siku 10 hadi 14. Ukilinganisha na anayelishwa kila siku 5, wa kwako atakuwa mdogo mwaka wa kwanza, na sioni hasara. Baada ya kula asishikwe saa 48, hata akija mgeni kutoka Dar.

Akitapika: toa uchafu, osha boksi, hakikisha maji safi yapo, kagua joto kabla ya kulaumu panya. Halafu subiri wiki mbili kamili bila kumpa chochote. Najua itakuuma. Mlo wa kurudia uwe nusu ya ule wa kawaida. Akirudia kutapika, au ukiona anafungua mdomo na mapovu, au anapumua kwa mlio, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Siku umeme ukikatika, na siku jua likizidi

Zulia na kauri hapa vinatoka sare: vyote vinazima. Tofauti inakuwa kwenye boksi. Boksi la plastiki lenye boa wa nusu mita unalibeba. Kabati la mbao hulibebi. Mimi nina boksi jeupe la povu, lile la wauza samaki, limeoshwa mpaka harufu imekwisha na kutobolewa matundu. Nyoka anaingia kwenye mfuko wa foronya, mfuko unaingia kwenye boksi, pembeni chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa taulo. Zinashikilia saa kadhaa. Jiko la mkaa chumbani ili "kupasha hewa" usiliwashe. Hewa ya mkaa inaua watu, nyoka atakuwa wa pili.

Na kama umeme unakuja na kukatika wiki hiyo, ahirisha mlo. Boa mchanga mwenye afya akikosa mlo mmoja hapungui kitu.

Februari mambo yanageuka. Chumba chini ya bati bila dari kinapita 34 mchana, themostati imeshazima tangu asubuhi, na hakuna kifaa cha kuleta baridi. Hamisha boksi sakafuni, kwenye chumba chenye dari, mbali na dirisha. Boksi la kioo kwenye jua la saa nane ni tanuri. Chupa ya maji iliyoganda iwekwe juu ya mfuniko upande wa baridi, kwa nje. Siku hizo mlishe jioni upepo wa bahari ukiingia. Unyevu hautakuhangaisha, boa anataka asilimia 60 hadi 70 na sisi tunayo ya ziada. Kinachokosekana ni hewa kupita, kwa hiyo toboa matundu pande mbili zinazotazamana, la sivyo magamba ya tumbo yataanza kuoza wakati wa masika.

Kijana wa Makorora alisikiliza yote haya, akamaliza chai, akauliza: "Kwa hiyo anti, ninunue nini?" Zulia la wati 15 la volti 230, themostati, kipimajoto chenye waya, boksi la plastiki lenye kufuli. Mizani. Panya wawili weupe, hata kabla ya nyoka.

Kibali chake hakijatoka. Boksi ameshalifunga, linawaka tupu wiki ya pili sasa, na kila alfajiri baada ya swala ananitumia ujumbe wa namba mbili bila salamu. Wa leo: 31.8 upande wa joto, 26.4 upande wa baridi.